Kuanzisha Programu ya Uzamivu Idarani: Mwongozo Kamili

Kabla ya kutangaza nafasi hata moja, chukua karatasi uandike majina ya walimu wote wa idara wenye PhD, yaani shahada ya uzamivu. Mbele ya kila jina andika mambo matatu: mwaka wa kustaafu, madaraka aliyonayo chuoni, na idadi ya wanafunzi wa uzamili anaowasimamia sasa hivi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokwambia programu yako ina ukubwa gani. Majengo na ahadi za wafadhili havitakwambia.

Tuchukue idara yenye walimu 9 wenye PhD. Wawili wanastaafu ndani ya miaka minne, kwa hiyo hawawezi kumfikisha mwanafunzi mpya mwisho. Mmoja ameazimwa serikalini. Wanabaki 6, na mmoja wao ni mkuu wa ndaki (kitengo cha chuo chenye idara kadhaa) ambaye kwa ukweli ana muda wa mwanafunzi mmoja tu. Tukisema kila mmoja wa wale watano wengine abebe wanafunzi watatu, tunapata nafasi 15, na ile moja ya mkuu wa ndaki zinakuwa 16. Kila mwanafunzi anahitaji wasimamizi wawili. Basi idara ina uwezo wa wanafunzi 8 kwa wakati mmoja. Wakimaliza kwa miaka minne, unapokea 2 kwa mwaka. Wakichukua sita, kama inavyotokea mara nyingi, ni wanafunzi 4 kila baada ya miaka mitatu.

Idara yenye hesabu hiyo ikipokea 12 kwa mwaka wa kwanza kwa sababu ada zinahitajika, mwaka wa tatu utamkuta kila mwalimu ana rundo la sura ambazo hajazisoma, na wanafunzi wameanza kutafuta kazi nyingine. Ni kosa linalojirudia kuliko jingine lolote, na haliponyeki kwa fedha, kwa kuwa hakuna duka linalouza msimamizi mwenye uzoefu wa miaka kumi.

Kuongeza wasimamizi bila kungoja miaka kumi

Njia ya haraka ni kuazima. Taasisi za utafiti za kanda hii zina watafiti wengi wenye PhD ambao hawana wanafunzi wao wenyewe: icipe (wadudu) na ILRI (mifugo) jijini Nairobi, Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR na KEMRI (taasisi za utafiti wa tiba za Tanzania na Kenya), vituo vya utafiti wa kilimo. Mtafiti wa huko akiwa msimamizi mwenza, idara inapata macho mengine, na mara nyingi inapata maabara pia. Mnakubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja au miwili: nani anasoma nini, kwa siku ngapi, jina lake litakaa wapi kwenye makala, data ni za nani, na analipwa au halipwi. Pitisha uteuzi wake kwenye kamati ya shahada za juu ya chuo mapema. Msimamizi ambaye seneti haimtambui hawezi kutia saini, na jambo hili hugundulika siku ya kuwasilisha tasnifu.

Njia ya pili ni mpango wa nusu huku nusu kule, ambao Sweden imeutumia kwa miongo mingi. Programu ya kimataifa ya sayansi (ISP) ya Chuo Kikuu cha Uppsala, iliyoanza 1961, imefadhili vikundi vya fizikia, kemia na hisabati kwa muda mrefu: mwanafunzi anaandikishwa na kutunukiwa shahada nyumbani, na huenda ng'ambo kwa vipindi vifupi kutumia mashine au kufanya uchambuzi. Sida, shirika la misaada la Sweden, iliendesha utaratibu wa aina hiyo na Makerere kuanzia 2000. Faida yake ni kwamba mtu harudi mgeni kwao. Hasara hutokea pale msimamizi wa nje anapogeuka kuwa ndiye mwenye utafiti, na yule wa nyumbani akabaki kutia saini fomu. Dawa yake ni kuandika tangu mwanzo kwamba swali la utafiti linapitishwa idarani, na kwamba msimamizi wa nyumbani anahudhuria kila kikao, hata kama ni kwa simu.

Njia ya tatu ni kuungana. CARTA, muungano ulioanza 2008 ukiongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, ulichukua walimu wa vyuo wanachama na kuwapitisha pamoja katika semina nne, kila moja ikilenga hatua waliyofikia. Muundo huo idara yoyote inaweza kuuiga kwa udogo wake: vyuo vitatu vya mkoa mmoja au nchi jirani vikichanga wanafunzi wanne wanne, mnapata darasa la 12, na mwalimu mmoja wa takwimu anatosha kwa wote. Mwanafunzi wa uzamivu aliye peke yake kwenye fani yake huvunjika moyo upesi. Akiwa na wenzake kumi na mmoja anaona kwamba hata wao wamekwama.

Ratiba ya miezi 48

Mwezi wa 1 hadi wa 6 ni kozi fupi: mbinu za utafiti, takwimu, uandishi wa kitaaluma, maadili, na utunzaji wa data. Usizidishe. Kozi ikijaza mwaka mzima, pendekezo linaandikwa mwaka wa pili na ratiba yote inasogea. Ndani ya miezi hiyo sita mwanafunzi awe ameshaweka Zotero au programu nyingine ya marejeo kwenye kompyuta yake, na awe na nywila ya maktaba. Waulizeni wakutubi kuhusu Research4Life, mpango unaofungulia vyuo majarida ya kitaaluma mtandaoni. Vyuo vingi vya kanda hii vina haki ya kuitumia bure au kwa ada ndogo, lakini walimu hawajui kwamba chuo chao kimeandikishwa.

Mwezi wa 7 hadi wa 10: pendekezo. Wekea kikomo cha kurasa 20. Mapendekezo ya kurasa 80 tunayoyaona huwa yamemeza sura nzima ya mapitio ya maandiko, na bado swali la utafiti halionekani.

Sehemu ya kukagua kwa jicho kali ni ukubwa wa sampuli. Msomaji yeyote wa tasnifu za huku anaijua namba 384. Inatokana na kukadiria kiwango cha 50% kwa kosa la 5% na uhakika wa 95%: 1.96 mara 1.96, mara 0.25, gawa kwa 0.0025. Ni sahihi ikiwa unachagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Wanafunzi wengi hawafanyi hivyo. Wanachagua vijiji, kisha kaya ndani ya kijiji. Watu wa kijiji kimoja hufanana, kwa hiyo kila jibu la ziada linaleta taarifa kidogo kuliko ulivyodhani. Rekebisho lake ni kuzidisha sampuli kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa kijiji na r ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa watu 20 kila kijiji na r ya 0.05 unapata 1.95, karibu 2. Sampuli inakuwa 768. Ukitegemea 10% watakataa au hawatapatikana, gawa kwa 0.9: watu 854.

Sasa angalia bajeti. Wadodosaji wanne, kila mmoja akimaliza dodoso 5 kwa siku, ni 20 kwa siku. Watu 854 ni siku 43 za kazi. Pendekezo lililoandika 384 lilipanga siku 20. Hapo ndipo fedha zinapokatika katikati ya wilaya ya pili na mwanafunzi anarudi na nusu ya data.

Mwezi wa 11 hadi wa 14 ni vibali, mwezi wa 15 hadi wa 28 data au kazi ya maabara, na mwezi wa 29 hadi wa 42 uchambuzi, makala na tasnifu. Miezi sita ya mwisho ni ya watahini. Msiile miezi hiyo. Kila idara inayoanza huihesabu kuwa ni akiba, na ndiyo inayoliwa kwanza.

Vibali

Vibali vina mpangilio wake, na ukiuvuruga unarudi mwanzo. Kwanza kamati ya idara inapitisha pendekezo. Pili kamati ya maadili ya chuo. Tatu, kama utafiti unahusu afya ya binadamu Tanzania Bara, NIMR. Zanzibar kuna ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Nne kibali cha utafiti cha taifa, kutoka tume au baraza la sayansi la nchi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Mahitaji hutofautiana kwa raia na mgeni, na kwa chuo na chuo, kwa hiyo ofisi ya utafiti ya chuo iwe na karatasi moja yenye ngazi hizi, ada zake na majina ya fomu, isahihishwe kila mwaka. Kuna idara ambazo kila mwanafunzi anagundua njia hii upya, na kila mmoja hupoteza miezi miwili palepale.

Kibali cha taifa mkononi bado hakimfikishi mtu kijijini. Tanzania barua inashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Weka siku tano za kazi kwa ngazi hizi, na nakala za barua zisizopungua kumi. Mtafiti anayemruka mtendaji wa kata huwa anaipata taarifa ya kosa lake kutoka kwa mgambo.

Mambo mawili ya kuingiza kwenye fomu ya maadili tangu mwanzo, maana kuyaongeza baadaye ni kuomba marekebisho na kungoja upya: ruhusa ya kuhifadhi sampuli kwa utafiti wa baadaye, na mpango wa kuzisafirisha nje ya nchi kama utakuwepo, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Ukikusanya majina na namba za simu, sheria za kulinda taarifa binafsi zinakuhusu: Kenya ni ya 2019, Tanzania ni ya 2022.

Fedha

Programu kubwa zimewahi kutoa fedha nyingi. Mradi wa ACE II wa Benki ya Dunia, ulioanza 2016, ulianzisha vituo vya umahiri 24 katika nchi nane za Afrika Mashariki na Kusini, vinne vikiwa Tanzania: viwili SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na viwili Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. HEET, mradi wa elimu ya juu wa Tanzania, iliidhinishwa 2021 kwa dola milioni 425. Kwenye ACE II sehemu kubwa ya malipo ilifuata matokeo yaliyohakikiwa: wanafunzi walioandikishwa, makala zilizochapishwa, ithibati iliyopatikana. Utaratibu wa namna hiyo una maana moja ya vitendo kwa mhasibu wa idara: lazima chuo kiwe na fedha za kutanguliza. Kituo kisicho na mtaji wa kuzungusha hukwama kikiwa na mkataba wa mamilioni mkononi.

Kwa mwanafunzi mmoja, bajeti ya utafiti peke yake tofauti na ada na posho, anzeni na mgawo huu kisha mrekebishe kwa fani: kazi ya uwandani au vitendanishi (kemikali za maabara) 55%, kompyuta, programu na intaneti 10%, vibali 5%, safari za usimamizi na mkutano mmoja wa kitaaluma 12%, uchapishaji 8%, watahini na kujalidi 5%, dharura 5%. Vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: usafiri wa msimamizi kwenda uwandani angalau mara moja, honoraria (malipo ya heshima) ya mtahini wa nje, na vocha za wadodosaji.

Kisha kuna masurufu. Mwanafunzi anapewa fedha za uwandani kwa jina la msimamizi, anatumia, na anatakiwa kurejesha hesabu kwa risiti ndani ya siku zilizowekwa na chuo. Bodaboda haitoi risiti, mama lishe naye hatoi. Wasimamizi wamekatwa mishahara kwa jambo hili, na baada ya hapo hawataki tena kusimamia. Chapisheni daftari la malipo lenye tarehe, jina, kazi, kiasi, namba ya simu na saini au dole gumba, mkubaliane na mhasibu kabla ya safari kwamba atalipokea. Malipo kwa simu yanasaidia zaidi, kwa kuwa ujumbe wa muamala unabaki.

Manunuzi ya umma yanakwenda kwa kalenda yake. Tanzania kila kitu sasa hupitia mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, NeST, na kisichokuwa kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka wa fedha hununuliwa kwa shida. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Basi orodha ya vitendanishi vya mwanafunzi anayeanza maabara Septemba iwe mezani kwa afisa ugavi miezi sita kabla.

Maabara inayodumu

Kabla ya kupokea mashine ya msaada, uliza: inatumia volti ngapi, kwa kuwa mashine ya Marekani ya volti 120 haitakaa kwenye 230 bila transfoma; fundi aliyeidhinishwa yuko mji gani; programu yake ina leseni ya nani, na inakwisha lini; inakubali vitendanishi vya kampuni nyingine au vya mtengenezaji tu; gesi yake inapatikana nchini kwa usafi unaotakiwa. Majibu mawili yakiwa mabaya, kataeni kwa heshima. Mashine iliyokufa inachukua meza, na inaonekana kwenye ripoti kama uwezo ambao idara haina.

Kwa mashine mnayoinunua, wekeni bei ya huduma ya miaka mitatu ndani ya mkataba uleule wa ununuzi. Mkiiacha ije baadaye kama ombi la matengenezo, haitapata fungu.

Jokofu la nyuzi −80 linastahili aya yake. Kinacholiua si kukatika kwa umeme, ni kurudi kwake: volti inapanda ghafla na kompresa inaungua. Fungeni stabilaiza inayochelewesha umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi. Chumba kiwe na kiyoyozi au hewa inayopita, kwa sababu jokofu lenyewe linatoa joto jingi. Kulibana ukutani ni kulichosha. Kwa sampuli nyingi nyuzi −70 inatosha, na inapunguza umeme kwa karibu theluthi. Wekeni kengele inayotuma ujumbe kwa simu tatu, na jibu la maandishi kwa swali hili: Jumamosi saa nane usiku, ufunguo wa dizeli ya jenereta uko kwa nani? Nusu ya kila sampuli muhimu ikae kwenye jokofu la pili, jengo jingine.

Vitendanishi vinavyosafirishwa na barafu visitumwe Alhamisi. Vikifika Ijumaa jioni, forodha inafungua Jumatatu na barafu imekwisha. Mwombe muuzaji atume Jumatatu, na barua ya msamaha wa kodi iwe tayari kabla ndege haijaruka. Kwa kazi ya jeni isiyozidi miezi michache, ni nafuu kumpeleka mwanafunzi kwenye maabara ya pamoja kama ile iliyoko ILRI kuliko kujenga ya kwenu.

Usimamizi wa kila mwezi

Sheria mbili zinatosha. Mwanafunzi na wasimamizi wakutane walau mara moja kila mwezi, na mwanafunzi aandike muhtasari wa nusu ukurasa: kilichofanyika, kilichoamuliwa, kitakacholetwa, tarehe. Na msimamizi anarudisha sura ndani ya siku 14. Zikipita 21, mratibu wa programu anampigia simu, si mwanafunzi. Hili la mwisho lina sababu. Kwa adabu yetu mwanafunzi hatamfuata Profesa mara ya tatu kumkumbusha. Atanyamaza, na ukimya huo unaweza kuchukua mwaka. Mratibu ndiye aliyepewa cheo cha kusumbua, na awe mtu ambaye Profesa hawezi kumkaripia.

Wanafunzi wengi wa uzamivu ni walimu wasaidizi wa vyuo hivihivi. Barua ya kupunguziwa vipindi itiwe saini kabla ya kuandikishwa, ikitaja idadi: kwa mfano vipindi 4 kwa wiki badala ya 12, bila kusahihisha mitihani ya madarasa ya watu 600. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huisha mkuu huyo anapobadilishwa.

Makala

Tasnifu ya makala tatu au nne inafaa zaidi kuliko kitabu kimoja, pale kanuni za chuo zinaporuhusu, kwa sababu kila makala ni mtihani mdogo unaofanywa na watu wa nje. Mtiririko wa majina uandikwe kabla data hazijakusanywa: mwanafunzi kwanza, aliyechangia wazo au uchambuzi anaingia, aliyetoa gari tu anashukuriwa.

Majarida ya kitapeli yanawalenga hasa wanafunzi wenye sharti la kuchapisha. Dalili zake: barua pepe ya kukusifu ambayo hujaiomba, kukubaliwa ndani ya siku 5, ada inayotajwa baada ya kukubaliwa, na wahariri wasiojua kwamba ni wahariri. Angalieni kama jarida limo DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kwa majarida ya Afrika, kwenye tovuti ya AJOL. Kwa majarida yenye ada, ombeni msamaha kabla ya kutuma makala, si baada, na hakikisheni mwandishi wa mawasiliano ni yule wa chuo cha huku, kwa kuwa wachapishaji wengi hutazama nchi yake.

Watahini

Tasnifu iliyokamilika inaweza kulala miezi tisa mezani kwa mtahini wa nje. Wateuliwe miezi mitatu kabla ya kuwasilisha, wawili pamoja na wa akiba mmoja, na kila mmoja akubali kwa barua tarehe ya kurudisha ripoti. Mkumbushe wiki ya nne, ya sita na ya nane. Ikipita ya kumi, nenda kwa wa akiba bila kuona haya. Na honoraria ilipwe ndani ya mwezi mmoja baada ya ripoti. Watahini huulizana, na chuo kisicholipa kinajulikana.

Baada ya kutunukiwa, daktari mpya anahitaji mwaka mmoja wa vipindi pungufu, kiti maabara na mtaji mdogo wa utafiti, la sivyo atapewa madarasa manne na kamati tatu, na makala mbili zilizobaki hazitaandikwa kamwe. Mwaka wake wa kwanza awe msimamizi mwenza wa mwanafunzi mmoja, chini ya aliyekuwa msimamizi wake. Mwaka wa tatu jina lake liingie kwenye ile karatasi ya wasimamizi, mhesabu nafasi upya, na hapo ndipo mfikirie kupokea wa tatu kwa mwaka.